"Haikubainika" si "hakuna"

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita alikuja maabara kwetu mama mmoja, mkononi ana kadi ya kliniki iliyokunjika hadi inataka kuachana. Yuko mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu, anameza kila asubuhi mbele ya binti yake, na bado anakohoa na kukonda. Kwenye kadi, penye majibu ya usugu wa dawa, kuna neno moja kwa kalamu ya bluu: "Hakuna."

Nikafunua rejista ya siku aliyoleta makohozi. Mashine haikusema hakuna. Ilisema vimelea vipo, vichache mno, na usugu haukubainika.

Wenzangu wa maabara wanalijua jibu hilo. GeneXpert, ndiyo mashine yetu ya kupimia TB, hutafuta vinasaba vya kimelea, kisha hukagua kipande kinachobadilika pale kimelea kinapoacha kusikia dawa ya rifampisini. Vimelea vikiwa haba kwenye katriji, kile kikasha cha sampuli kinachoingizwa ndani, mashine huweza kuona kwamba TB ipo ila isiweze kusoma kipande hicho. Hapo haijasema lolote kuhusu usugu. Inaomba kikopo kingine cha makohozi. Lakini karatasi inatoka kwa Kiingereza, foleni ni ndefu, na anayenakili anaandika lililo karibu na matumaini yake. Na sisi maabara hatuna pa kujificha: tulituma karatasi, hatukupiga simu.

Kosa hilo ni zito kwa sababu rifampisini ndiyo nguzo. Katika tiba ya kawaida ya miezi sita, dawa mbili kati ya nne huachwa baada ya miezi miwili. Rifampisini na isoniazidi ndizo huendelea hadi mwisho. Kama kimelea hakiisikii rifampisini, mgonjwa anameza vidonge huku ugonjwa ukizidi kuchimba, na nyumba nzima inavuta hewa yake. Uchungu zaidi ni kwamba tiba ya TB sugu siku hizi si ile ya mwaka mmoja na nusu na zaidi, yenye sindano zilizowaacha watu viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza tiba ya vidonge ya miezi sita kwa wagonjwa wengi. Ila hupewi bila kipimo.

Hata pale mashine inaposema wazi kwamba usugu haupo, imezungumzia rifampisini peke yake. Katriji tunayotumia kila siku haiangalii isoniazidi. Anayeendelea kuumwa katikati ya dozi anahitaji makohozi yake yaende maabara kubwa yakaoteshwe, na hapo ni subira ya wiki kadhaa, maana kimelea hiki huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. (Hapa Morogoro tunao hata panya buku wanaonusa TB kwenye makohozi, nami nawavulia kofia, lakini ukitaka kujua kimelea kinasikia dawa gani, panya hakusaidii.)

Ombi langu kwa wanaochapa fomu na kadi ni dogo. Wekeni visanduku vitatu, kwa Kiswahili: "usugu upo", "usugu haupo", na "haujajulikana, leta makohozi mengine". Na mgonjwa asomewe jibu lake kabla hajapewa kidonge cha kwanza. Yeye ndiye atakayerudi kudai kikopo cha pili, kuliko sisi tutakavyomkumbuka.

Yule mama nilimpa kikopo, nikamweleza asukutue mdomo, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka kifuani, asiniletee mate. Alikwenda nje nyuma ya jengo, kwenye upepo, akakaa muda mrefu. Karatasi ilipotoka, haikuwa na utata tena: rifampisini, sugu. Safari hii nilipiga simu mwenyewe. Na binti yake, yule anayemsimamia kumeza kila asubuhi, tumemwita aje apimwe.

Mteknolojia wa maabara,
Morogoro