Viti vya wanawake vipo, akidi je?

Mhariri,

Katiba nyingi za jumuiya za watumia maji vijijini husema kamati iwe na wanawake wangapi, kisha hunyamaza. Mwaka wa kwanza viti hujaa. Mwaka wa pili ukifungua daftari la mihutasari unakuta bei ya ndoo, ununuzi wa dizeli na mshahara wa mlinzi wa kilula (kituo cha bomba la kuchotea maji) vimepitishwa na wanaume watano, na mbele ya majina manne ya wanawake imeandikwa "hakufika". Kanuni haijavunjwa popote, maana ilihesabu viti, haikuhesabu waliokaa.

Dawa ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Lakini waliotunga sheria hawakuishia hapo: kikao hakiwi halali bila wajumbe 4, na angalau 2 wao wawe wanawake. Hiyo akidi ndiyo inayomlazimisha mwenyekiti kuuliza wanawake wana nafasi saa ngapi kabla hajapanga kikao.

Tunaomba jumuiya za maji ziichukue kanuni hiyo, ila zichunge shimo moja. Katiba nyingi huruhusu kikao cha marudio kiendelee na "wajumbe watakaokuwepo". Kifungu hicho kikibaki, akidi yote imekwenda na maji: wanaitisha kikao saa nne asubuhi, wanawake wako shambani au kisimani, kinaahirishwa, wiki inayofuata watano walewale wanapitisha kila kitu. Andikeni wazi kwamba kikao cha marudio kina akidi ileile, kifanyike ndani ya siku 7, na saa yake ipangwe na wajumbe waliokosekana.

Nyuma ya kamati kuna daftari la wanachama, na humo ndimo watu wengi hupotelea. Uanachama huandikwa kwa kaya, na anayeandikwa ni mkuu wa kaya, yaani baba. Mama anayechota ndoo sita kwa siku hana kura. Mpangaji anachangia kila mwezi lakini jina ni la mwenye nyumba. Mfugaji aliyehama na mifugo kiangazi hukuta amefutwa kwa kukosa mikutano miwili. Kila kaya iandike majina mawili, la mwanamke na la mwanamume pale wote wawili wapo, na kila mmoja awe na kura yake. Mpangaji aandikwe kwa jina lake. Ada ibaki moja kwa kaya. Ukiitoza mara mbili, jina la pili ndilo litakaloachwa, na kila mtu anajua litakuwa la nani.

Kura za kunyoosha mkono nazo ziachwe. Nani atanyoosha mkono kumpinga baba mkwe wake mbele ya kijiji? Kwa wasiosoma, weka nyuma ya pazia makopo yenye picha za wagombea, kila mpiga kura adondoshe kifuniko kimoja cha soda. Msitumie punje za mahindi: mtu huja nazo mfukoni kutoka nyumbani, na mwisho kura huzidi watu. Vifuniko vipigwe muhuri, vitolewe kimoja kimoja mezani jina linapotiwa alama daftarini, na vilivyobaki vihesabiwe hadharani.

Kwa watu wenye ulemavu, kasoro kubwa iko kwenye kilula chenyewe. Ukingo wa zege wa sentimita 15 unatosha kumzuia mwenye kiti mwendo asilifikie bomba. Mteremko salama ni 1 kwa 12, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, kwa hiyo ukingo huo unahitaji njia ya sentimita 180. Mafundi hujenga fupi ili kuokoa saruji, matokeo yake kiti kinarudi kinyumenyume na ndoo ya kilo 20 mapajani. Mkutanoni, viziwi wanahitaji wakalimani wawili wa lugha ya alama wanaopokezana, maana mmoja akiendelea zaidi ya nusu saa huchoka na kuanza kuruka maneno. Asiyeona hasomi ubao wa matangazo. Apelekewe taarifa kwa mdomo au simu, siku ileile mbiu inapopigwa.

Gharama za mkalimani na za njia hiyo ziingie kwenye bajeti ya matengenezo, pamoja na dizeli na vipuri. Zikiachiwa michango ya hisani hazitafika.

RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ndiyo inayozisimamia jumuiya hizi. Tunaiomba iweke kifungu cha akidi, pamoja na kile cha kikao cha marudio, kwenye katiba ya mfano inayopelekwa wilayani.

Wawezeshaji wa kamati za maji vijijini,
Dodoma