RISALA YA KLABU YA HISTORIA KWA MGENI RASMI, SIKU YA USHIRIKA: UMEME ULIOANZA NA DAFTARI

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa Ushirika wa Wilaya; Mwenyekiti wa Bodi ya Shule; Mkuu wa Shule na walimu wetu; viongozi wa AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika wa mazao; wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu: shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi juani. Juzi usiku tulipokuwa tukiifanyia mazoezi risala hii umeme ulikatika, msomaji akamalizia kwa tochi ya simu ya mwalimu wa zamu. Hatulalamiki. Tumelitaja kwa sababu mada yetu mwaka huu ni umeme wa vijijini, na hasa ule ambao wanakijiji waliumiliki wenyewe kwa njia ya ushirika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulipoanza kusoma tulishangaa kukuta kwamba nchi yenye vyama vingi mno vya aina hii ni Marekani, nchi ambayo wengi wetu tulidhani haina habari na ushirika. Katikati ya miaka ya 1930 miji yake iliwaka taa usiku kucha, lakini mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa gizani. Makampuni ya umeme yalikuwa na jibu moja: hailipi. Nyumba ziko mbalimbali, nguzo ni ghali, mkulima atawasha taa moja na kuzima. Mwezi Mei 1935 Rais Franklin Roosevelt akaunda wakala wa umeme vijijini, na mwaka uliofuata Bunge likaupa sheria. Kifupi cha jina lake kilikuwa REA, sawasawa na cha wakala wetu wa nishati vijijini hapa Tanzania. Matumaini ya mwanzo yalikuwa kwamba makampuni yangekopa fedha hizo na kuvuta nyaya. Hayakuwa na haraka. Wakulima ndio waliokuja wakiwa wameungana katika vyama, wakakopa na kuanza kusimamisha nguzo.

Tuliamua kufuatilia chama kimoja tu, Pedernales, katika vilima vya Texas. Huko visima vilikuwa virefu na maji yalivutwa kwa mkono. Siku ya kufua mama alibeba ndoo baada ya ndoo, akachemsha nguo kwenye sufuria kubwa nje ya nyumba. Siku ya pili ilikuwa ya kupiga pasi, na pasi zenyewe zilikuwa vipande vya chuma vilivyotiwa moto juu ya jiko la kuni, hata katika joto la kiangazi. Bibi mmoja wa hapa kijijini tulipomsimulia hayo alicheka, akauliza: "Kumbe na wazungu?"

Wakala ulikuwa na sharti kwamba kila maili ya waya ipate angalau wateja watatu. Vilima vile havikufikisha. Mbunge wao kijana, Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais, alikwenda kwa Roosevelt mwenyewe kuomba sharti lilegezwe, na mwaka 1938 mkopo ukatoka wa kujenga maili zipatazo 1,830 za waya. Vitabu vingi hupenda kuishia hapo, kwa mbunge shujaa. Sisi tunaona kazi ngumu zaidi ilifanyika kabla yake. Kulikuwa na watu waliopita nyumba kwa nyumba na daftari, wakiandikisha wanachama kwa amana ya dola tano. Dola tano za wakati ule, kwa mkulima wa vilimani, hazikuwa mchezo. Wapo walioogopa kwamba wakisaini kuruhusu nguzo ipite shambani, shamba litachukuliwa. Wapo waliosema watangoja waone kwa jirani kwanza. Viongozi wa AMCOS mliopo hapa watu hao mnawajua, sema tu hawazungumzi Kiingereza.

Na makampuni yaliyosema hailipi? Katika majimbo mengi, yaliposikia chama kinaandikisha watu, yalikimbia kuvuta waya kwa matajiri wachache wa eneo lile, ili chama kibaki na maskini walio mbali na kife. Wamarekani walikuwa na jina la nyaya hizo. Kwa Kiswahili tumeziita nyaya za kukomoa.

Taa za Pedernales ziliwaka mwaka 1939. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 zaidi ya mashamba tisa kati ya kumi Marekani nzima yalikuwa na umeme. Leo Pedernales ndicho chama kikubwa kuliko vyote vya umeme nchini humo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tungekuwa wanafunzi wavivu kama tungeishia kwenye sifa. Chama kilipokua, wanachama walilala. Bodi ikazoea kujirudisha yenyewe madarakani na kujilipa vizuri, na mkutano mkuu ukawa wa kupiga makofi. Mwaka 2007 wanachama waliamka na kwenda mahakamani. Uchaguzi ukafanyiwa marekebisho, vitabu vikafunguliwa, na aliyekuwa meneja mkuu akatiwa hatiani kwa wizi wa fedha za chama. Umeme wenyewe haukuwa umekatika. Kilichokuwa kimekatika miaka mingi ni mkutano.

Nyumbani, Urambo mkoani Tabora waliwahi kujaribu. Urambo ni ile ile ambayo Waingereza waliilima kwa mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakashindwa. Mwaka 1994 wakazi, wakisaidiwa na wataalamu wa Sweden na TANESCO, shirika la umeme la taifa, walianza kuendesha jenereta za dizeli chini ya chama chao cha ushirika cha watumiaji umeme. Taa ziliwaka saa chache tu za usiku. Bei ya uniti ilikuwa juu kuliko ya shirika la taifa, na mitambo ilisumbua. Hata hivyo wateja walioanza wakiwa 67 walifika kama 250 miaka michache baadaye. Swali hilo tulilijadili wiki mbili: kwa nini mtu alipe zaidi apate kidogo? Jibu lililotuingia akilini ni kwamba kamati waliichagua wao na bei waliipanga wao. Ilipopanda, walijua dizeli imepanda.

Kule Mawengi, Ludewa, vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda vilitumia maji ya mto badala ya dizeli, na jumuiya yao ikajiita LUMAMA.

Tofauti moja inafaa kutajwa. Wakala wa Marekani ulikopesha vyama, navyo vikamiliki waya. Wakala wetu huweka makandarasi, kisha waya hukabidhiwa TANESCO. Njia yetu imekwenda kasi, na gharama ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 hakuna chama cha wakulima ambacho kingeweza kuitoza bila ruzuku. Lakini mwanakijiji wa leo ni mteja wa LUKU tu, mita ya kulipia kabla ya kutumia. Akiwa na neno, halina mkutano wa kupelekwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, klabu yetu ina wanachama, daftari la mahudhurio na rafu moja ya maktaba. Haina kumbukumbu za hapa kwetu. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, AMCOS za kata hii zituruhusu kuhudhuria mikutano yao mikuu kama wasikilizaji. Tutakaa nyuma na hatutaomba soda. La pili, daftari za zamani za vyama vilivyokufa, ambazo tunasikia nyingine zimefungiwa karanga sokoni, ziletwe shuleni tuzihifadhi. Tumeshatenga rafu ya chini, ile isiyovujiwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.