Jumamosi: darasa la uandishi gereza la wazi

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jumamosi tunarudi kwa wenzetu. Tuwe getini saa tatu asubuhi. Muda huo wameshahesabiwa na kunywa uji, na saa sita wanarudi shambani. Simu zinabaki getini. Madaftari yawe ya kushonwa, yenye waya hayapiti.

Nawaomba sana, msimuulize mtu kafungwa kwa kosa gani. Anayetaka ataandika mwenyewe. Mara iliyopita mzee mmoja alileta shairi aliloandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akalisoma huku akihesabu mizani kwa vidole pajani, nane kwa nane. Lilihusu mpini wa jembe lake, na nani ataushika yeye akitoka. Watu hudhani kifungo kisicho na ukuta mrefu ni chepesi. Mzee yule anaiona barabara ya kwao kila siku akiwa analima, na haruhusiwi kuivuka. Shairi lake linastahili kusomwa na wengi.

Wameomba tuzungumzie washairi waliotunga wakiwa kifungoni. Nitaanza na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya 1969 hadi 1972 na kutunga humo mashairi tunayoyasoma hadi leo.

Kazi zao hupitiwa na afande kabla ya kutoka, kwa hiyo zitatufikia wiki inayofuata. Nahitaji watu wawili wa kuzichapa bila kusahihisha lahaja ya mtu. Mwenye nafasi anijulishe hapa. Nauli tumpe mweka hazina kabla ya Alhamisi.