Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kimbunga cha kuazima hakichekeshi

Marahaba, mpwa wangu.

Picha ya ukurasa wako wa vichekesho vya hali ya hewa, ule wa kwenye daftari la kuchora na kubandika, nimeiona. Nyumba ipo, mti upo, na kimbunga cheusi chenye umbo la faneli kinamnyanyua ng'ombe kwa mkia. Mkono unao, hilo halina ubishi. Ila kimbunga hicho ni cha kwenye televisheni, cha tambarare za Marekani. Vya upande wetu vinazaliwa baharini na kufia pwani, kama Hidaya ya Mei 2024 iliyoishia karibu na Mafia. Huko Arusha kuna kisulisuli: kinainuka saa saba mchana kule Kisongo, Januari na Februari, kinabeba vumbi, mfuko wa nailoni na kanga ya mtu iliyokuwa kwenye kamba. Chora hicho. Ng'ombe abaki chini, anakitazama huku anacheua, na kanga ndiyo ipae. Mtu wa Monduli atacheka kabla hajasoma neno.

Ukurasa wa namna hii unachekesha kwa kupatia: saa yenyewe, mahali penyewe, nguo yenyewe aliyovaa mtu.

Tuanze na daftari, maana lako limeshavimba kama andazi. Kaunta buku ni sawa, ni rahisi na imeshonwa, lakini karatasi yake ni nyembamba, ikilowa inajikunja. Gundisha kurasa tatu ziwe moja. Chukua gundi nyeupe ya mafundi mbao, vijiko viwili, maji kijiko kimoja, sambaza kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukianza pembeni unafungia hewa katikati, na kesho utakuta malengelenge. Weka karatasi ya nailoni juu na chini, funga daftari, pandisha matofali mawili yaliyoviringishwa gazeti, acha usiku kucha. Kwa kuwa unaongeza unene, punguza kurasa kwingine: kata moja kati ya kila tatu, lakini uache kipande cha sentimeta mbili kwenye mshono. Ukiing'oa yote, pacha wake wa upande wa pili wa uzi atachomoka naye.

Baada ya hapo wengi wanapaka rangi nyeupe ya ukutani, emulsheni, wapate uso mgumu. Ni vizuri kwa kubandika na kwa maka peni, kwa sababu wino haupenyi kwenda nyuma. Kosa ulilofanya ni kupaka rangi ya maji juu yake. Emulsheni inaziba vinyweleo vya karatasi, hasa ile ya kung'aa, kwa hiyo rangi ya maji inakusanyika matone matone kama maji kwenye jani la mgomba. Anga na mvua zifanyie pembeni, kwenye manila, zikikauka ndipo uzikate na kuzibandika.

Mvua ya masika haihitaji brashi nzuri. Chukua mshumaa mweupe, chora mistari ya mshazari kwenye manila ukikandamiza sawasawa, kisha pitisha kahawa juu. Ndiyo, kahawa ya kopo, ile inayoyeyuka: kijiko kimoja cha chai kwenye robo kikombe cha maji ya moto kinatoa rangi ya tope la mwanzo wa mvua, kijiko hicho hicho kwenye kijiko kimoja cha chakula cha maji kinatoa tope la Mei. Nta inakataa maji na mistari inabaki myeupe. Kahawa nzito sana haikauki vizuri, inabaki na unato, na kurasa mbili zikikutana zitashikana. Pata weusi kwa kurudia kupaka mara mbili au tatu, kila mara baada ya kukauka.

Kwa mvua ya mawe tumia chumvi ya jikoni. Paka rangi ya bluu iliyokolea kwenye manila, subiri hadi mng'ao wa maji uanze kupotea, kisha nyunyiza. Kila chembe inanyonya rangi na kuacha nyota nyeupe. Ukiwahi, chumvi inayeyuka yote. Ukichelewa, haifanyi kitu. Ikikauka kabisa ikung'ute hadi chembe ya mwisho, maana chumvi iliyobaki inavuta unyevu na Aprili ukurasa wako utakuwa unatoka jasho.

Sasa vichekesho vyenyewe. Kwa maoni yangu ukurasa mzima unaweza kubebwa na koti moja. Arusha mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi iko chini yake kwa mita 500 hivi, na hewa inapoa kwa takriban nyuzi sita kila unapopanda mita 1,000. Tofauti ni nyuzi tatu tu, lakini Julai nyuzi tatu ni dini mbili. Kata utepe wa manila wa sentimeta 20 kwa 5, ugawe vyumba vitano vya sentimeta nne nne, kila chumba abiria yule yule ndani ya basi lile lile. Arusha: koti la mtumba limefungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu, macho tu. Usa River: zipu imeshuka. Njia panda ya KIA: koti liko mabegani. Boma Ng'ombe: liko magotini na jasho linatiririka. Moshi: liko kwenye kikapu, na mwenyewe anajipepea na tiketi. Usiandike maneno yoyote isipokuwa majina ya vituo. Uso usibadilike, ajifanye hakuna kinachotokea. Ukimkunjia uso kuanzia Usa River umeumaliza mchezo mapema.

Kilimanjaro upe mlango wa karatasi. Mchana jua linapasha mteremko, hewa yenye unyevu inapanda na kupoa, na kufikia saa nne asubuhi Kibo, kilele chake kikuu, mara nyingi ameshajifunika. Usiku hewa baridi inashuka na alfajiri mlima unaonekana wote. Chora Kibo na kilele cha pili, Mawenzi, kwenye ukurasa, kisha kata manila ya sentimeta 9 kwa 6, acha ukingo wa sentimeta moja wa kugundisha juu. Kandamiza mstari wa ukingo kwa ncha ya kalamu iliyoisha wino kabla ya kuukunja, la sivyo rangi itapasuka kwenye mkunjo. Juu ya mlango bandika pamba ya dukani, lakini ichambue hadi uone kidole chako kupitia humo. Uliibandika kama ilivyotoka kwenye paketi, ndiyo maana daftari halifungi. Juu ya wingu andika "Siku ya 1, 2 na 3: mtalii yuko hotelini." Chini ya wingu, mlima unang'aa, na kwenye kona ndege ndogo inaondoka.

Mawenzi mwenye meno meno usimnyooshe. Wachaga wana simulizi yake: alikuwa akiuzimisha moto wake makusudi na kwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, kila mara akakaribishwa na chakula, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi. Mpe Mawenzi plasta kichwani na kijungu mkononi, inatosha. Theluji ya Kibo ichore ndogo, iliyochakaa kama kofia ya zamani. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na hapo kicheko kinapungua pia, acha kipungue.

Meru ni mzee aliyelala. Alilipuka mara ya mwisho 1910, kidogo tu, na ubavu wake wa mashariki uliporomoka zamani sana, kwa hiyo kinywa kiko wazi kuelekea Momella. Mchore anakoroma upande huo. Ol Doinyo Lengai ndio wenye vituko kweli. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava za milima mingine, inatoka nyeusi na kutiririka kama oili chafu ya gereji, kisha ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, kwa kuwa imejaa kitu cha jamii ya magadi. Magadi hayo hayo ya kulainisha makande! Mchoro unajileta wenyewe: mama amesimama chini ya mlima na sufuria ya makande, anausubiri utapike. Kwa lava tumia maka peni nyeusi, acha ikauke dakika kumi, kisha chovya brashi kavu kwenye emulsheni, ifute kwenye gazeti hadi karibu iishe, ndipo upitishe juu kwa wepesi. Brashi ikiwa na rangi nyingi utapata maziwa yaliyomwagika. Milipuko ya 2007 na 2008 ilikuwa ya majivu, si ya oili hii, kwa hiyo tarehe hizo ziandike kwenye wingu la kijivu.

Umeniuliza kama Mlima Hanang uingie. Kama mzaha, hapana. Tope lililoshuka Katesh tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu, na ndugu zao wana simu na wana macho. Cheka koti, cheka mlima, cheka kanga iliyopaa. Nyumba iliyosombwa usiiguse. Ukitaka iwepo, iache kwenye ukurasa unaofuata, peke yake, tarehe na jina la mahali kwa penseli, bila rangi.

Maneno ya kubandika yakate kwenye gazeti. Lugha ya utabiri ina uchekeshaji wake usiohitaji msaada. Tafuta "vipindi vifupi vya mvua katika maeneo machache", ibandike juu ya wingu moja dogo lililosimama hasa juu ya kamba ya nguo zako, pande zote jua. Kwa gazeti gundi ya unga inafaa kuliko ile nyeupe: kijiko kimoja cha ngano, vijiko vitano vya maji baridi, koroga hadi mabuje yaishe, chemsha ukikoroga mpaka iwe kama uji mwepesi, ipoe. Ongeza siki kijiko cha chai, kwani masika inaota ukungu kwa siku mbili. Paka gazeti nyuma, subiri dakika moja lilegee na kutanuka, ndipo ubandike. Ukibandika mara moja linatanukia hapo hapo na kutoa makunyanzi.

Kilichobaki ni gurudumu, na hili ndilo nililotamani kukuandikia tangu mwanzo. Juu yake andika: "Leo hali ya hewa itakuwa". Kata duara la manila nene lenye kipenyo cha sentimeta 12. Bikari iache ilivyo, kwenye sentimeta sita, itembeze ukingoni: inaingia mara sita kamili, na umepata vipande sita sawa bila kupima nyuzi. Chora ndani yake jua kali, vumbi, ukungu, mvua, mvua na jua pamoja, yaani "simba anazaa", na cha sita ni giza tupu lenye mshumaa: "umeme umekatika". Huo nao ni msimu.

Kwenye ukurasa toboa tundu la mhimili sentimeta sita kutoka ukingo wa nje. Dirisha liwe mraba wa sentimeta mbili na nusu, katikati yake sentimeta nne juu ya tundu. Likifika sentimeta tatu, pembe za chini zitaonyesha kipande cha jirani. Gurudumu linakaa kati ya kurasa mbili. Gundisha juu na chini tu, mbali na mzunguko wake, na ukingo wa nje uache wazi. Kwenye ukingo huo kata nusu mwezi wa sentimeta tatu kwa moja katika kurasa zote mbili, ili kidole gumba kipate pa kushika. Pini ya miguu miwili ukiikosa, tumia vifungo viwili vya shati na uzi: kimoja mbele ya ukurasa, kingine nyuma ya gurudumu. Wakati wa kushona weka njiti ya kiberiti chini ya kifungo cha mbele, funga fundo, kisha ichomoe. Pengo la njiti ndilo linaloruhusu gurudumu kuzunguka. Bila hilo uzi unabana, na ukilazimisha, tundu linachanika. Jaribu kulizungusha kabla ya kugundisha kurasa, siyo baada.

Mwisho, usikaushe juu ya jiko la mkaa. Upande wa chini unakauka kwanza, ukurasa unajipinda kama kigae. Julai hii ya Arusha hesabu siku mbili, daftari limesimama wima, kurasa zimetawanywa, dirisha wazi mchana tu.

Nisalimie mama. Ukimaliza piga picha ya gurudumu likiwa kwenye "simba anazaa", na nyingine mlango wa Kibo ukiwa wazi.

Mjomba wako niliyeko Moshi