Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Majirani Wote: Hotuba Ikiisha, Ufagio Uko Wapi?

Wazee wetu, akina mama, vijana na watoto wa mtaa, hamjambo nyote. Kamati ya mazingira ya mtaa inawatakia Krismasi yenye amani na Mwaka Mpya wa 2025 wenye heri na baraka tele. Mnaosafiri mashambani, Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Mnaobaki Nairobi, milango yenu isikose mgeni wala sufuria zenu zisikose kitu.

Mwaka umekuwa mgumu, hakuna haja ya kufichana. Mvua za masika zilipopitiliza Aprili na Mei, Mto Mathare uliingia hadi vitandani, na nchi nzima ikazika watu zaidi ya 200. Waliookoka maji wakavunjiwa nyumba kando ya mto. Kisha yakaja maandamano ya Juni na vifo vyake, na kuna jamaa ambao sikukuu hii watapakua sahani moja pungufu. Nauli imepanda kama kila Desemba, na karo ya Januari inabisha hodi. Mliofiwa, poleni sana. Tutakuja kuketi nanyi.

Pamoja na hayo, hafla hazikukosekana. Tulifuturu na ndugu zetu Waislamu hadi Idd ikafika. Tarehe 10 Oktoba, siku iliyoitwa ya Utamaduni mwaka jana na mwaka huu ikawa ya Mazingira, tulipanda miti huku ngoma za kila kabila zikilia. Diwali ikaja na taa zake, na sasa ni Krismasi. Kila mgeni wa heshima alituambia mambo mawili: tuishi kwa umoja na tutunze mazingira. Jiji hili limezoea hotuba. Tuliwasikiliza mameya, kuanzia Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho mwaka 1962, hadi cheo chenyewe kikatoweka mwaka 2013 na magavana wakaingia. Maneno hayo ni ya kweli, nasi tunayashukuru. Ila hotuba huisha saa kumi jioni, na taka za hafla hulala pale pale uwanjani.

Umoja wetu unaonekana wazi kabisa kwenye karai la mafuta. Idd ni sambusa, Diwali ni bhajia, Krismasi ni chapati na mandazi, na mafuta yaliyobaki yote humwagwa kwenye sinki lile lile. Yakiwa moto yanapita bila shida, ndiyo maana mtu hudhani hakuna ubaya. Mengi ya mafuta yetu ni ya mawese, na usiku wa Nairobi una baridi ya kutosha kuyagandisha. Yakishapoa hujishikiza ukutani mwa bomba, yananasa wali na majani ya chai, na siku chache baadaye choo cha nyumba ya chini kinarudisha maji. Aliyepika yuko ghorofa ya nne, anayedeki ni wa chini.

Kwa hiyo, yaache mafuta yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa, yatie kwenye mtungi wa lita 5 wenye kifuniko. Lipanguse karai kwa gazeti kabla ya kuliosha. Kumwagia bomba maji moto na sabuni hakusaidii, kwani mafuta yanasukumwa mbele yakagande kwa jirani. Mafuta yaliyogeuka meusi, yanayotoa povu au moshi upesi, yasikaangiwe tena. Mtungi ukijaa, leteni langoni. Kuna watengeneza sabuni wanaoyachukua.

Kuhusu taka nyingine, sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inamtaka kila mmoja wetu atenganishe zinazooza na zisizooza pale zinapotoka, na Aprili mwaka huu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliagiza zile zinazooza ziwekwe kwenye mifuko inayooza. Sababu yake ni rahisi. Katoni kavu ina mnunuzi, lakini ikishamwagikiwa pilau haina, na yote yanaishia Dandora. Jaa lile lilifunguliwa miaka ya sabini na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yangali yanaingia hadi leo. Utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu nalo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Watoto hao wana Krismasi pia.

Mkiandaa sherehe, wekeni mapipa karibu na mahali watu wanapokula, na mtu mmoja asimame hapo. Pipa likiwa mbali au bila msimamizi, ndani ya nusu saa kila kitu kimechanganyika. Vikombe vya karatasi vina utando wa plastiki ndani, haviozi vizuri, kwa hiyo kodisheni vya bati. Maji yawekwe kwenye mitungi ya lita 20.

Maganda na mabua ya sukuma yageuzeni mboji. Ndoo moja ya taka mbichi kwa ndoo mbili au tatu za vitu vikavu: majani, maranda, katoni iliyoraruliwa vipande. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, vitaleta panya. Finya konzi moja: ikitoa matone mawili matatu, unyevu uko sawa. Ikinuka, imekosa hewa au imelowa mno, basi igeuze na uongeze vikavu. Ikikaa baridi bila kubadilika, mara nyingi imekauka. Ukiigeuza kila wiki mbili, ndani ya miezi mitatu au minne unayo mbolea.

Nije kwenye miti ya Oktoba. Baadhi imekauka, na tulipoing'oa tulikuta karatasi ya plastiki ya kitaluni bado imebana mizizi, kwa sababu watu waliharakia picha. Shimo liwe futi mbili kwa futi mbili. Udongo wa juu utengwe, uchanganywe na nusu debe ya samadi iliyooza, karatasi itolewe, na matandazo ya nyasi yakae kando kidogo ya shina. Mvua za vuli zinaisha, na kiangazi kinaendelea hadi Machi. Kila mche unahitaji maji lita 10 mara mbili kwa wiki, la sivyo hotuba ile itakuwa imepandwa jangwani.

Tena mwaka huu tulimzika mzee aliyetuzolea taka kwa mkokoteni. Hakuna jukwaa lililomtaja. Jumamosi alfajiri bado nasikilizia magurudumu yake, na nakiri kwamba sikuwahi kumpa hata salamu ya Krismasi.

Ndugu zangu, umoja tunaousema kwa kipaza sauti unaanzia kwa mtu anayeokota tulichotupa. Tusimkabidhi kijana wa watu mfuko wenye chupa iliyovunjika bila kuifunga. Tusimpe mwaliko wa kufagia tukamnyima sahani. Wakristo, Waislamu na Wahindu sote tumefundishwa usafi, basi tusiuache mlangoni pa nyumba ya ibada. Na mgeni wa heshima akija tena, tumpigie makofi, kisha tumuulize mbele ya watu wote: lori litapita siku gani, na nani atamwagilia huu mti?

Mungu awabariki, awape afya na riziki, na awafariji wenye majonzi. Jumamosi tarehe 4 Januari, saa moja asubuhi, tukutane langoni. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye mtungi aje na maji. Miche 40 inasubiri.