Mantiki haiukatai upasuaji wa urembo

Mhariri,

Kila panapozuka mazungumzo juu ya viumbe wenye akili ambao huenda wanaishi katika sayari nyingine, husikika hoja moja inayosemwa kwa uhakika kana kwamba imekwisha kuthibitishwa: kwamba viumbe wanaoongozwa na mantiki peke yake wangeudharau upasuaji wa urembo, kwa kuwa mwenye akili hapimwi kwa pua wala kwa makunyanzi, na kumpasua mtu asiye na ugonjwa ni kumtia katika hatari isiyo na faida. Naomba nafasi katika safu ya barua niipinge hoja hiyo. Siipingi kwa sababu ya mapenzi na upasuaji wenyewe, ambao una mengi ya kulaumiwa kama nitakavyoeleza. Naipinga kwa sababu inaibebesha mantiki hukumu isiyokuwa yake, na kwa sababu hutumiwa hapa duniani kuwafedhehesha watu ambao hatujapata kuwauliza walikwenda kwa daktari kutafuta nini.

Mantiki inaweza kutuambia kwamba tukikubali jambo la kwanza na la pili, basi hatuna budi kulikubali la tatu. Inaweza kutuonyesha kwamba malengo yetu mawili yanagongana, au kwamba njia tuliyoichagua haitufikishi tunakotaka kwenda. Haiwezi kutuambia tutake nini. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alilisema hilo waziwazi mwaka 1739, alipoandika kwamba akili ni mtumwa wa matamanio, nami sijaona hoja iliyomwangusha. Hata kiumbe anayekokotoa kila tendo lake lazima awe na jambo analolithamini kabla hajaanza kukokotoa: kuishi, kujua, kulea watoto, kusikilizwa na wenzake. Kwa hiyo swali la kama angeuthamini upasuaji wa urembo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ukali wa akili yake. Linajibiwa kwa kutazama sura inafanya kazi gani katika jamii yake, na asiye na sura inayokubalika hutozwa nini.

Hapa duniani hutozwa sana. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliongoza kazi ya upasuaji katika hospitali iliyofunguliwa mwaka 1917 huko Sidcup, Uingereza, ambako yeye na wenzake waliwatibu zaidi ya askari 5,000 waliojeruhiwa usoni kwa risasi, vipande vya makombora na moto. Taya lililojengwa upya lilimwezesha askari kutafuna na kuzungumza, na hakuna anayelibishia hilo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya pale, ya kuhamisha ngozi kutoka kifuani au kwenye paji la uso na kuifinyanga iwe pua au shavu, ilifanywa pia kwa ajili ya macho ya watu wengine. Baadhi ya mabenchi yaliyokuwa njiani kuelekea mjini yalipakwa rangi ya buluu, ili wapita njia wajue kwamba anayeketi hapo huenda ana uso ulioharibika, wajiandae au wageukie pembeni. Nimeyafikiria sana mabenchi hayo. Aliyekuwa ameketi juu yake pengine hakuwa tena na homa wala kidonda. Kilichobaki kumwumiza kilikuwa ndani ya vichwa vya waliokuwa wakipita. Kiumbe wa mantiki angeona kwamba zipo njia mbili za kuyaondoa maumivu hayo, yaani kuurekebisha uso mmoja au kuyarekebisha macho ya mji mzima, na angeuliza ni ipi inayowezekana kabla askari huyo hajazeeka. Sioni ni kwa hatua zipi angefikia uamuzi kwamba upasuaji haufai.

Mtu atasema kwamba hao walikuwa majeruhi, na kwamba urembo ni jambo jingine. Mpaka huo ni mgumu kuuchora kuliko unavyodhaniwa. Mwaka 1896, huko Berlin, daktari Jacques Joseph alimfanyia upasuaji mtoto mwenye masikio makubwa yaliyochomoza, ambaye dhihaka za wenzake zilimfanya aikimbie shule. Masikio yale yalisikia vizuri. Upasuaji ulifanikiwa, lakini Joseph akapoteza nafasi yake ya kazi, kwa kuwa wakubwa wake hawakuona kwamba ni halali kumkata mtoto asiyeumwa. Naiheshimu tahadhari yao, ila naamini walikosea pale pale wanapokosea wale wanaowafanya viumbe wa mbali kuwa mahakimu wetu: walidhani kwamba maumivu yasiyoanzia kwenye nyama si maumivu. Mwenye mantiki hawezi kuitupa habari iliyo mbele yake kwa sababu tu chanzo chake ni kicheko cha watoto. Mvulana aliacha kwenda shule, na hilo ni jambo linalopimika. Tumezoea kuichanganya mantiki na ukavu wa moyo, na mchanganyiko huo ndio unaoibeba karibu hoja yote ninayoipinga.

Pingamizi lenye nguvu zaidi liko kwingine, na nashangaa kwamba halitajwi mara nyingi. Linaonekana vizuri kwa ndege. Mwaka 1982 mtafiti wa Uswidi, Malte Andersson, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya nchini Kenya kwa aina ya ndege ambao dume wao ana mkia mweusi wenye urefu wa karibu nusu mita. Aliwapunguza baadhi ya madume mikia, na vipande alivyovikata akavigandisha kwa gundi kwenye mikia ya madume wengine. Waliorefushwa mikia walipata majike wengi zaidi waliotaga katika maeneo yao kuliko waliofupishwa, na hata kuliko walioachwa na urefu wao wa asili. Kwa ndege mmoja mmoja, basi, urembo wa kubandika ulilipa. Lakini tuseme madume wote wangerefushwa kwa kiasi kile kile. Jike asingekuwa tena na cha kulinganisha, kila dume angebaki na mzigo wa mkia unaomchosha kuruka, na hakuna hata mmoja ambaye angepata alichokuwa hana mwanzoni. Jamii inayokokotoa kwa pamoja, wala si kila mtu kivyake, ingeuona mtego huo mapema, na nadhani ingekubaliana kuuzuia upasuaji ambao faida yake yote ni kumpita mwenzako. Hapo nawaunga mkono wapinzani wangu bila kusita. Ila wakubali nao kwamba kinachokataliwa hapo ni mashindano, na kwamba sababu hiyo hiyo ingeyakataa mavazi ya fahari, majumba makubwa kuliko mahitaji na vyeo vya kujionyesha kabla ya kumfikia daktari. Mtoto wa Berlin hakutaka kumpita mtu yeyote. Alitaka aachwe asome.

Jambo ambalo jamii ya mantiki ingetuaibisha nalo kweli ni jinsi tunavyoufanya upasuaji huu bila kuungoja ushahidi. Matiti bandia ya silikoni yaliwekwa katika mwili wa mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 1962, huko Houston, Marekani. Ilipita miaka 30, na wanawake wengi mno wakawa wameshawekewa, ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipoyazuia kwa matumizi ya urembo mwaka 1992, ikisema kwamba watengenezaji hawajaleta uthibitisho wa kutosha wa usalama wake. Ruhusa ilirudishwa mwaka 2006 baada ya tafiti zaidi. Mwaka 2010 ikagundulika kwamba kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa ikizijaza bidhaa zake silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kutumika katika mwili wa binadamu. Wako pia watu wenye maradhi ya akili yanayowafanya waone kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu, na madaktari wanajua kwamba kwa kawaida upasuaji hauwapi nafuu: pua hurekebishwa, wasiwasi ukahamia kidevuni. Anayefuata ushahidi angemkatalia mgonjwa huyo kwa upole na kumwelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili. Wapasuaji waangalifu hufanya hivyo. Wanaotanguliza fedha hawafanyi, na mgonjwa huamka kutoka kwenye nusukaputi akiwa na kovu jipya juu ya huzuni ile ile. Hilo linanikasirisha, na ningependa likemewe kwa sauti kubwa kuliko tunayoitumia kuwakemea wanaotamani sura nyingine.

Inawezekana, bila shaka, kwamba viumbe hao hawatambuani kwa sura hata kidogo. Katika mito ya Afrika wako samaki wanaotoa umeme hafifu na kutambuana gizani kwa mapigo yake. Kwao uso haubebi habari nyingi. Jamii yenye akili iliyotokana na viumbe wa namna hiyo isingekuwa na mpasuaji wa pua, lakini aliyevurugikiwa na mapigo yake kwa ajali, akawa hatambuliki tena na ndugu zake, angetaka yarekebishwe, na wenzake wenye mantiki wangeona kwamba anadai kitu cha haki. Sisi wenyewe, tulipojitambulisha kwa viumbe wa mbali kwa kibao cha alumini kilichobebwa na chombo cha anga cha Pioneer 10 mwaka 1972, tulichora mwanamume na mwanamke walio katika ujana wao, wasio na kovu, kunyanzi wala upungufu wa kiungo. Siwalaumu waliochora. Anayekwenda kwa mgeni hutaka apokewe vizuri, na ndivyo anavyotaka pia mtu anayeketi mbele ya daktari akieleza anachotaka kibadilishwe.

Kwa hiyo anayeshikilia kwamba mantiki ingeudharau upasuaji wa urembo bado ana hatua moja ambayo hajaionyesha: ni vipi kiumbe mwenye akili, anayeishi miongoni mwa wenzake na kuwahitaji, aweze kuongozwa na mantiki bila kujali jinsi wenzake wanavyompokea. Akiionyesha hatua hiyo kwa hoja badala ya kebehi, nitaandika tena katika safu hii kuikubali.

Msomaji wako