Mzigo wa Kwenda Lalibela

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi mno kusoma kwamba umekwisha kukata tiketi ya kwenda mji wa Lalibela, wenye makanisa ya mwamba, kushuhudia Genna, Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia, tarehe 7 Januari. Umeniuliza ufungashe nini, na jibu langu linaanzia miguuni.

Utashinda ukivua viatu na kuvivaa. Makanisa yale 11, ambayo kwa mapokeo yalichongwa kwa amri ya Mfalme Lalibela yapata miaka 800 iliyopita, yametolewa katika mwamba wenyewe, mengine kuanzia juu kwenda chini hadi paa likawa sawa na ardhi unayoikanyaga, na hakuna hata moja linaloingiwa na viatu. Mimi nilikwenda na buti za kamba. Nilipofika kanisa la tatu vidole vilikuwa vimechoka kufungua mafundo, huku bibi mmoja mwenye mkongojo akinisubiri kwa upole nimpishe mlangoni, nami niliona haya kwelikweli. Chukua viatu vya kutumbukiza mguu, vyenye soli inayoshika, kwa sababu ngazi za mwamba zimelainishwa na nyayo za mahujaji na zinateleza. Ongeza soksi nene, jozi tano hivi. Sakafu ya jiwe ina baridi inayopenya, na mazulia yaliyotandikwa juu yake yana viroboto. Mimi waliniuma kuanzia vifundoni hadi magotini. Kwa hiyo tia na dawa ya kufukuza wadudu, uipake kabla ya kuvaa soksi.

Usidanganywe na jua la mchana. Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mkesha wa Genna hukeshwa nje, kwa hiyo sweta na koti ni vya lazima. Nguo zako zifunike mabega na magoti. Shuka nyeupe ya kujitanda, waiitayo netela, usihangaike kuitafuta kabla ya safari. Utainunua kulekule kwa birr, fedha ya huko, basi iachie nafasi mkobani.

Kitu cha mwisho ni tochi ndogo. Baadhi ya makanisa yameunganishwa kwa njia za chini kwa chini, na mojawapo ni giza totoro, nawe utapita mkono mmoja ukipapasa ukuta na mwingine ukilinda kichwa. Waongozaji husema njia hiyo ni mfano wa jehanamu, na kwamba inafaa kupitwa bila taa. Nakushauri uwe nayo mfukoni, lakini uizime ukiwa humo ndani, kwani sijapata kuufurahia mwanga kama ule niliouona nilipotokea upande wa pili.

Kuhusu saa, huna haja ya kujifunza upya. Waethiopia huhesabu saa kama sisi tunavyohesabu, kuanzia macheo, hivyo shemasi akikuambia ibada ni saa moja asubuhi, ni saa moja yetu hiihii. Tiketi ya ndege peke yake ndiyo itakayofuata hesabu ya kimataifa.

Tochi yangu naituma pamoja na barua hii. Betri nimezibadilisha jana.

Wako akupendaye daima.